Msema Pweke: Juu ya Kusoma Madaftari ya Nyumba za Wenda Wazimu

Daftari la nyumba ya wenda wazimu halikuandikwa ili lisomwe na mjukuu wa mgonjwa. Liliandikwa ili mkaguzi aridhike, ili hesabu ya chakula na nguo itimie, na ili sheria ikiuliza kwa nini mtu fulani amefungiwa mlango, pawe na karatasi ya kuonyesha. Walakini katika zama hizi mjukuu ni mmoja wa wasomaji wake wakubwa. Huko Uingereza na Marekani watu wengi watafutao nasaba zao hulifuata jina la babu au bibi katika vitabu vya kanisa, katika hesabu za watu na katika vyeti vya vifo, na ghafula jina hilo hutoweka. Kisha huonekana tena mahali ambapo jamaa hawakupata kupataja kwa vizazi viwili au vitatu: katika orodha ya waliopokewa katika hospitali ya wazimu. Mtafutaji hufurahi kwa kupata, na huhuzunika kwa alichokipata.

Furaha na huzuni hiyo huwapeleka wasomaji katika makosa mawili. Wa kwanza huamini kila neno. Akisoma kwamba bibi yake alikuwa mkaidi, mchafu na mwenye ndoto za uongo, huyapokea maneno hayo kama sura halisi ya marehemu, na pengine huanza kuitafuta dalili ya wazimu katika watoto wake mwenyewe. Wa pili hukataa kila neno. Kwake yeye kila aliyefungwa alikuwa mzima aliyeonewa, na kila tabibu alikuwa askari jela. Wote wawili wamelikosea daftari, kwa kuwa hawakuuliza lile swali ambalo mwanafunzi wa fasihi hufundishwa kuliuliza mwanzo: nani asemaye, asema na nani, na kwa haja gani? Waswahili wamenena kwamba msema pweke hashindwi. Daftari la wazimu ni msema pweke wa namna ya peke yake. Lina ukweli mwingi ndani yake, lakini ni ukweli uliosemwa bila ya mshindani. Lastahili kuaminiwa zaidi katika tarehe kuliko katika sifa, na thamani yake kubwa ipo pale ambapo sauti ya mgonjwa hupenya bila ya mwandishi kukusudia.

Mtunzi wa kwanza wa daftari si tabibu wala karani, bali ni fomu. Katika Uingereza sheria ya 1808 iliziruhusu wilaya kujenga nyumba za wenda wazimu maskini, na sheria za 1845 zikazilazimisha, zikaweka na halmashauri ya wakaguzi wa kuziangalia. Tangu hapo habari za kila aliyepokewa zilitakiwa kupelekwa London, na orodha hizo, zilizoanza 1846 na kuendelea hadi 1960, zimehifadhiwa katika Nyumba ya Nyaraka za Taifa huko Kew. Madaftari ya maradhi yenyewe yamebaki zaidi katika nyumba za nyaraka za wilaya, na aghalabu hayafunguliwi kwa watu wote mpaka ipite miaka 100. Karatasi ya kupokelewa iliuliza jina, umri, ndoa, kazi na dini. Iliuliza kama hii ni mara ya kwanza ya maradhi, yameanza lini, yadhaniwa yametokana na nini. Kama mgonjwa ana kifafa, kama anataka kujiua, kama ni hatari kwa wengine. Mtu mzima mwenye miaka 40 ya kupenda, kulima, kuzaa na kuzika alipaswa kuingia katika safu hizo. Kilichokuwa hakina safu hakikuandikwa.

Hata hivyo fomu hiyo iliacha ufa mmoja wenye faida kwa msomaji makini. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 cheti cha tabibu kilikuwa na mafungu mawili. La kwanza lilitaka dalili za wazimu ambazo tabibu mwenyewe ameziona. La pili lilitaka dalili ambazo ameambiwa na wengine. Wasomaji wengi huyachanganya mafungu hayo na kuyafanya maneno ya mtu mmoja, ilhali ni ushahidi wa namna mbili. Katika la kwanza yamkini kukasikika, japo kwa mbali, maneno ya mgonjwa alipokuwa akijibu maswali ya mgeni aliyeingia chumbani mwake. Katika la pili husikika mume, mama mkwe, bwana wa kazi, au msimamizi wa maskini. Ikiwa imeandikwa kwamba mwanamke alikuwa mkali kwa mumewe, maana ya maneno hayo hutegemea fungu yalimoandikwa. Yakiwa katika la pili, basi msemaji labda ni mume mwenyewe, na aliyepatikana katika nyaraka ni babu na bibi pamoja, katika siku mbaya kabisa ya ndoa yao.

Safu iliyosomwa vibaya kuliko zote ni ile ya sababu ya maradhi. Mfano wake maarufu hautoki Uingereza bali Marekani, ambako hospitali nyingi zilitumia madaftari ya mtindo ulio karibu na huo. Hospitali ya Weston katika jimbo la West Virginia ilianza kupokea wagonjwa 1864, ikafungwa 1994. Kutoka katika daftari lake la miaka ya 1864 hadi 1889 watu wamechuma orodha ya sababu, nayo hupigwa chapa na kuchekwa: huzuni, vita, uvivu, hamasa ya siasa, matata ya nyumbani, kupigwa teke la kichwa na farasi, na kusoma riwaya. Mtu huonyeshwa orodha hiyo na kuambiwa kwamba zamani mwanamke aliweza kufungwa kwa sababu tu ya kusoma kitabu.

Hayo siyo yaliyoandikwa. Safu haikuuliza kosa lililomfungisha mtu, bali jambo lililodhaniwa kuwa asili ya maradhi yake, na mara nyingi walioulizwa ni jamaa waliomleta. Jamaa aliyefika kutoka shambani, amechoka na ameaibika, akaulizwa na karani imekuwaje, hujibu kwa jambo analolikumbuka kuwa lilitangulia. Kwa hiyo neno "vita" katika daftari lililoanza 1864, katika nchi iliyokuwa bado imo katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, si neno la kuchekesha hata kidogo. Nalo neno la kusoma riwaya halielezi ubongo wa msomaji. Yamkini laeleza nyumba ambamo mtu mwenye kukaa kimya na kitabu aliwatia wenziwe wasiwasi. Safu ya sababu ni fasihi simulizi ya jamaa, iliyokatwa ikawa neno moja au mawili. Anayeicheka huwacheka watu waliokuwa wakijaribu kufahamu msiba wao.

Dai hili la kwamba daftari husema peke yake lingekuwa gumu kuthibitishwa kama wagonjwa wote wangalinyamaza. Ni bahati ya fasihi kwamba mmoja wao hakunyamaza. John Clare alizaliwa 1793 katika kijiji cha Helpston, mtoto wa kibarua, na mashairi yake ya kwanza yalipotolewa 1820 aliandikwa mbele ya kitabu kuwa ni mkulima wa Northamptonshire. Alipendwa kwa miaka michache, kisha akasahauliwa. Mwaka 1837 alipelekwa katika nyumba ya Dk. Matthew Allen huko High Beach, karibu na London. Mwezi wa Julai 1841 aliondoka bila ruhusa, akaenda kwa miguu maili 80 hivi kwa muda wa siku nne. Mwisho wa mwaka huo alitiwa katika nyumba ya wenda wazimu ya Northampton, akakaa humo mpaka kufa kwake tarehe 20 Mei 1864.

Fomu iliyompeleka Northampton iliuliza kama wazimu ulitanguliwa na mshtuko au kazi kubwa ya akili ya muda mrefu. Tabibu Fenwick Skrimshire alijibu kwa maana ya kwamba mtu huyu alikuwa amezoelea kwa miaka mingi kutunga mashairi. Wasomaji wa baadaye wamekasirika sana kwa jibu hilo, na si ajabu. Lakini hapana budi kuona kwamba tabibu hakusema kutunga ni wazimu. Aliulizwa juu ya kazi ya akili, na kazi ya akili aliyoijua kwa Clare ilikuwa hiyo. Dharau ipo katika neno alilolichagua, neno la mtu anayezungumza juu ya ulevi. Umbo la jibu limetoka katika swali. Mhakiki asiyetenganisha mambo haya mawili humlaumu mtu mmoja kwa kosa ambalo sehemu yake ni ya karatasi.

Sasa lililo kubwa ni hili: Clare mwenyewe aliandika habari za safari yake ya siku nne. Katika lugha ya nyumba ya wenda wazimu, mtu aondokaye bila ruhusa ametoroka, na hapo habari zake zimekwisha. Katika maandishi ya Clare mtu yule yule anakwenda nyumbani. Analala nje, anapotea njia, anakula majani ya kando ya barabara kwa njaa, na anatamani kufika kwa Mary Joyce, mpenzi wake wa ujanani ambaye yeye anaamini kuwa ni mkewe. Mary alikuwa amekwisha kufa 1838, na aliyekuwa mke wa Clare kweli, Patty, alikuwa hai akimngojea pamoja na watoto. Hapa msomaji wa pili, yule akataaye kila neno la tabibu, anapata jibu lake. Clare alikuwa mgonjwa. Zipo siku alizojidhania kuwa ni Byron, na siku alizojidhania kuwa ni bingwa wa ngumi. Maandishi yake hayamfanyi mzima, yanamfanya mtu. Kutoroka na kwenda nyumbani ni tendo moja lililoelezwa na watu wawili, na daftari limehifadhi maelezo ya mmoja tu.

Huko Northampton msimamizi mmoja wa nyumba, W. F. Knight, alinakili mashairi ya Clare kwa mamia, na bila ya kalamu yake mengi yangalipotea. Mlinzi aliweza pia kuwa mhifadhi. Jambo hili lafaa likumbukwe na kila mtu asomaye madaftari haya kwa hasira. Lakini kwa kila Clare mmoja palikuwa na maelfu wasiojua kuandika, au walioandika barua zikabaki katika jalada bila ya kupelekwa posta. Kwao hakuna maandishi ya pili ya kulinganisha, na msomaji hubaki na upande mmoja wa mazungumzo.

Ugumu huo umeonyeshwa katika kitabu cha Rebecca Skloot juu ya maisha ya Henrietta Lacks, kilichotolewa 2010. Henrietta alikuwa mwanamke Mweusi wa Maryland aliyekufa kwa saratani 1951, na chembe za mwili wake, zilizochukuliwa bila ya ridhaa yake, zimetumika katika maabara za dunia nzima. Binti yake wa kwanza, Elsie, aliyezaliwa 1939, alikuwa na kifafa wala hakuweza kusema. Alipelekwa katika hospitali ya Crownsville, iliyofunguliwa 1911 kwa ajili ya wagonjwa Weusi peke yao, na ambayo 1955 ilikuwa na wagonjwa zaidi ya 2,700. Mwaka huo huo Elsie alifariki, umri wake miaka 15. Mdogo wake, Deborah, aliishi karibu maisha yake yote bila ya kujua dada yake alipatwa na nini, mpaka alipokwenda Crownsville pamoja na mwandishi huyo. Nyaraka nyingi za zamani zilikuwa zimekwisha haribika, lakini taarifa ya uchunguzi wa maiti ya Elsie ilipatikana, na juu yake imebandikwa picha.

Katika picha ile mtoto amevimba uso, na mikono ya mtu mwingine, mikono myeupe, imemshika ili aelekee kamera. Mpigaji alikusudia kuonyesha mgonjwa. Bila ya kukusudia akaonyesha na mikono. Mikono ile haina jina, haina tarehe, wala haikutajwa katika safu yoyote. Lakini yaeleza juu ya hospitali ile jambo ambalo taarifa haikuthubutu kulieleza. Hapa ndipo ufundi wa kusoma unapohitajiwa zaidi: kutazama pembeni mwa kile ambacho mwandishi alitaka kitazamwe. Na sifa ya kitabu cha Skloot ni kwamba hakikuichukua picha ile na kuipeleka kwa msomaji moja kwa moja. Kimemweka Deborah mbele, akiisoma kwanza kwa macho ya ndugu, na hakikuficha kwamba habari hizo zilimwumiza mwili na roho. Wako wasemao kwamba ukweli huponya daima. Mfano huu hauwaungi mkono. Ukweli ni haki ya jamaa, hata pale usipoponya.

Haki hiyo ina wapinzani wenye hoja nzuri. Mgonjwa aliyekufa hawezi kutoa ruhusa, na yamkini asingalitaka siri yake ijulikane. Hospitali ya Willard katika jimbo la New York ilipofungwa 1995, yalipatikana darini masanduku zaidi ya 400 ya wagonjwa waliofika zamani na hawakutoka. Darby Penney na Peter Stastny walizifuata habari za baadhi ya wenye masanduku hayo katika kitabu cha 2008, nao wakayaficha majina ya ukoo kwa sababu ya sheria ya siri za wagonjwa. Katika makaburi ya hospitali nyingi za namna hiyo wafu walizikwa chini ya namba. Yafaa kuuliza siri hiyo yamlinda nani. Siri iliyomlinda mgonjwa na majirani wenye ulimi mkali ilikuwa hisani. Siri inayoendelea wakati majirani wote wamekwisha kufa, ilhali vitukuu watafuta mahali pa kuweka maua, hulinda zaidi heshima ya nyumba iliyowazika bila ya majina. Namba juu ya kaburi ni safu ya mwisho ya fomu.

Mtu wa Afrika Mashariki asidhani kwamba mambo haya ni ya ng'ambo tu. Fomu ilisafiri pamoja na dola. Kenya ilitumia sheria ya nyumba za wenda wazimu ya Bara Hindi ya 1858 mpaka 1933 ilipopata sheria yake yenyewe. Na nyumba iliyofunguliwa Nairobi 1910 ndiyo iliyokuja kuitwa hospitali ya Mathari. Tangu 1938 hadi 1950 ilikuwa chini ya Dk. J. C. Carothers, ambaye alipoanza hakuwa na mafunzo maalumu ya maradhi ya akili. Kwa kutumia madaftari ya hospitali hiyo alitoa 1947 makala juu ya wazimu wa Waafrika, na 1953 kitabu kizima kwa Shirika la Afya la Dunia. Aliona kwamba waliopokewa ni wachache wakilinganishwa na watu wa nchi, na kwamba wenye majonzi mazito walikuwa adimu, akajenga juu yake nadharia ya akili ya Mwafrika. Hata akaifananisha na akili ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Frantz Fanon aliishambulia nadharia hiyo 1961.

Kwa mhakiki, kosa la Carothers ni kosa la kusoma, kabla ya kuwa kosa la siasa. Alichukua orodha ya watu walioletwa hospitalini akaifanya orodha ya watu wenye maradhi. Mwenye majonzi aliyekaa kimya kwao, akilishwa na dada zake na kutazamwa na mganga, hakuingia katika daftari. Aliyeingia ni yule aliyemsumbua mwajiri, polisi au mkuu wa wilaya. Tena maneno yake, aliyoyasema kwa lugha ya mama yake, yaliandikwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo daftari lile lilikuwa picha ya mlango wa hospitali, nalo likasomwa kama picha ya Afrika.

Mfano mmoja watosha. Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa katika nchi ya Wabukusu, aliwaambia watu wasitii amri za serikali ya kikoloni, akatiwa Mathari kuanzia 1945 mpaka 1947. Mwaka 1948 alikamatwa tena akapelekwa uhamishoni, kama wapelekwavyo watu wa siasa. Mtu mmoja, kwa mahubiri yale yale, alikuwa mwenda wazimu katika jalada moja na adui wa serikali katika jalada la pili. Msomaji wa jalada la kwanza peke yake atapata mgonjwa. Na neno msambwa lenyewe lahusu mizimu ya mababu: aliyewaita watu warudi kwa wazee wao amekuwa mwenyewe mzee wa kutafutwa katika nyaraka.

Basi anayemtafuta mhenga wake katika madaftari haya ana kazi mbili ambazo hazipaswi kuchanganywa. Ya kwanza ni ya karani: kunakili jina, siku ya kuingia, siku ya kutoka au ya kufa, na mahali pa kaburi. Hayo aghalabu ni ya kweli, na mara nyingi hayapatikani pengine popote. Ya pili ni ya mhakiki: kila sifa iandikwe pamoja na jina la aliyeisema, kama lipo, na kama halipo iandikwe kwamba halipo. Katika kitabu cha ukoo isiandikwe kwamba bibi alikuwa mwenda wazimu. Iandikwe kwamba mwaka fulani tabibu fulani, baada ya kusikia maneno ya mumewe, alimwandika hivyo. Na chini yake iachwe nafasi, huenda barua yake ikapatikana.